Uzoefu wangu na StandardQueryParser ya Lucene

Kwa muda mrefu, utafutaji wa hifadhi ya nyaraka ninayoitunza ulitegemea QueryParser ya kawaida ya Lucene (maktaba ya Java ya kutafuta maandishi), ambayo hupokea maandishi ya mtumiaji na kurudisha hoja, yaani ombi la utafutaji, iliyo tayari kutekelezwa. Kwa maneno ya kawaida inatosha kabisa. Nilihamia StandardQueryParser pale watumiaji walipoanza kuomba vipindi vya miaka na idadi za kurasa, kwa sababu QueryParser hulinganisha mipaka ya kipindi kama maandishi, ambako 9 huja baada ya 10, na anayetaka ulinganisho wa namba hulazimika kurithi darasa lake (class, kifurushi cha msimbo wake) na kuandika upya sehemu inayounda hoja za vipindi.

StandardQueryParser, iliyoingia Lucene katika toleo la 2.9 mwaka 2009, imeigawa kazi hiyo katika hatua tatu. Ya kwanza husoma sintaksia, yaani mpangilio wa maneno na alama alizoandika mtumiaji, na kujenga mti wa nodi, kila nodi ikiwa sehemu moja ya hoja; ya pili huupitisha mti huo kwenye mlolongo wa vichakataji, kila kimoja kikibadilisha kinachokihusu tu; ya tatu huugeuza mti kuwa hoja ya Lucene. Upande wa namba, nilichohitaji ni kusajili kwamba uga wa mwaka (sehemu ya rekodi inayohifadhi mwaka) ni wa namba kamili, na [1990 TO 2005], yaani kuanzia 1990 hadi 2005, ikaeleweka hivyo.

Hatua ya pili ndiyo iliyonifanya nibaki. Watumiaji huandika «mwaka:» au «mwandishi:», ilhali ndani ya faharasa uga hizo zina majina mengine ya kiufundi, kwa hiyo niliandika kichakataji kifupi kinachobadilisha majina kwenye nodi bila kuigusa sarufi. Mfuatano, hata hivyo, una uzito wake. Kichakataji hicho sharti kivitangulie vile vinavyoamua aina ya uga, la sivyo vitatafuta mipangilio kwa jina la mtumiaji, visiikute, na mwaka utachukuliwa kuwa neno tu: matokeo yanakuwa matupu na hakuna kosa linaloonyeshwa. Mlolongo wenyewe ni orodha ya Java, kwa hiyo kukitanguliza ni kukiingiza katika nafasi ya sifuri. Kwa njia hiyo hiyo nimeweka kingine kinachokataa kinyota (*, kinachosimama badala ya herufi zozote) kilichotanguliwa na herufi chini ya tatu, maana hoja ya aina hiyo huilazimisha injini kupitia maneno mengi mno ya faharasa.

Kuongeza alama mpya ya sintaksia ni habari nyingine: hapo utagusa sarufi ya JavaCC (zana inayozalisha msimbo wa kusoma sintaksia), uandike nodi na kijenzi chake cha kuigeuza kuwa hoja, msimbo mwingi kwa jambo ambalo pengine ni dogo. Sioni pia sababu ya kuiweka StandardQueryParser nyuma ya kisanduku cha utafutaji cha watu wote, ambako alama ya nukuu isiyofungwa itazaa kosa; SimpleQueryParser, iliyomo katika maktaba hiyo hiyo, hupokea maandishi yoyote bila kulalamika. Ukurasa wangu wa mwanzo unatumia hiyo, na StandardQueryParser nimeiacha kwenye utafutaji wa kina.