Cheti cha AGPO: miaka minne mkononi mwa mshonaji wa Likoni

Nyota tatu kati ya tano. Ningekuwa napima usajili peke yake ningetoa tano bila kusita, na ningekuwa napima siku ya kulipwa ningetoa moja.

Mimi ni mshonaji. Nina cherehani nne hapa Likoni, Mombasa, na wasichana watatu ninaowalipa kila Ijumaa. Kwa asiyekijua, cheti cha AGPO hutolewa na serikali ya Kenya kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, wapate kushindania zabuni walizotengewa. Tangu 2013 fungu hilo ni asilimia 30 ya ununuzi wa serikali, ya taifa na ya kaunti. Nilikichukua 2021 nikakihuisha 2023, maana hudumu miaka miwili, na sasa kimekwisha tena. Kabla sijarudi kukihuisha nataka niseme nilichokiona, kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza kama kina faida.

Kukipata hakuna taabu. Nilikwenda saiba, duka la intaneti, na kitambulisho, PIN (namba ya mlipakodi) ya KRA, mamlaka ya mapato, cheti cha usajili wa biashara na kile cha kuonyesha hudaiwi kodi. Kujisajili ni bure, nililipa pesa za saiba na za kuchapisha tu. Mtu akikudai elfu tano akusukumie faili, anakuibia. Mkiwa kampuni au kikundi, asilimia 70 ya wanachama wawe wa kundi linalolengwa, na viongozi wote watoke humo.

Lakini kilichonifaa kuliko vyote ni karatasi moja ambayo watu hawaisemi. Zabuni kubwa za kawaida hudai dhamana ya benki, na benki kabla ya kukupa dhamana mara nyingi hutaka hati ya ardhi. Kiwanja chetu kina jina la marehemu baba, na ufunguo wa kabati la hati wanao kaka zangu. Miaka mingi nilikuwa nasoma tangazo la zabuni gazetini, nikifika kwenye neno dhamana nalikunja gazeti. Sisi wenye cheti hatudaiwi dhamana hiyo, tunatia sahihi fomu ya tamko kwamba hatutaikimbia zabuni tuliyoiomba. Siku niliyoitia sahihi mara ya kwanza mkono ulinitetemeka. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na hapo ndipo nilipoomba kazi kubwa bila kumwomba kwanza mwanamume yeyote ruhusa.

Kazi ya kwanza ilikuwa mapazia ya bweni la shule moja ya umma. Nililipwa wiki ya tano, Alhamdulillahi, nikanunua cherehani ya tatu. Ya pili ilikuwa mashuka 400 ya wodi, ya ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kirefu.

Kitambaa nilikinunua Biashara Street, nusu kwa pesa za chama, kikundi chetu cha kuweka akiba, na nusu kwa mkopo, nikakivusha kwa feri na hamali mmoja kwa safari tatu. Mashuka 400 hayashoneki kwa siku kumi na wasichana watatu. Nikamwendea mzee mmoja, fundi aliyenifundisha kukata kola nilipokuwa binti, nikamwomba anisaidie 120 kwa malipo ya kila shuka. Alikubali. Jioni ya pili, akiwa ameinamia pindo, akaniuliza: “Mwanangu, kazi hii mimi pia naiweza, na nimeanza kushona kabla hujazaliwa. Sasa mimi nimekosa nini? Kuzaliwa mwanamume?”

Sikumjibu usiku ule. Swali lake si la choyo, na yeyote anayeutetea mpango huu analazimika kusimama mbele yake. Yule mzee ni maskini. Sheria haimwoni, kwa kuwa hana ulemavu, si mwanamke na ujana ameupita zamani, maana kwa cheti hiki mwisho wake ni miaka 35. Naamini kweli kwamba mtu kama yeye anastahili kuangaliwa, na ningefurahi kama mfuko wa mtu ungepimwa pamoja na jinsia na umri.

Ila nimemjua mzee wangu tangu utotoni, na ninajua kazi zilivyokuwa zikimfikia. Enzi zake akishona sare za makuli na za walinzi, kazi zile hazikutangazwa popote. Ziligawanywa barazani baada ya alasiri, juu ya kahawa na kashata. Mwenye kutafuta fundi alimuuliza aliyekaa karibu naye, naye akamtaja jirani yake. Hakuna aliyekusudia kuwadhulumu wanawake. Hatukuwapo tu, kwani mwanamke hakai baraza ile. Mama yangu alishona vizuri kuliko nusu ya waliotajwa pale, na amekufa akishona viraka vya majirani kwa shilingi kumi kumi. Kwa hiyo fungu la asilimia 30 kwangu halina harufu ya sadaka. Mimi nashindana na wenzangu kwa bei na kwa ubora, na shuka likipungua inchi mbili linarudishwa hata kama limeshonwa na mwanamke. Nilimweleza hayo siku ya kumlipa, kwa adabu, na asilimia 70 iliyobaki nikamwambia iko wazi kwake. Akasema, “Hiyo ni ya wenye malori.” Hapo alinishinda, nami nilikuja kuyaona mwenyewe.

Mashuka yalipokelewa, yakahesabiwa, hati ikapigwa muhuri. Shilingi 640,000. Zililipwa baada ya miezi kumi na minne.

Ilikuwa namna hii: mwezi wa tatu mwenye mkopo alianza kupiga simu saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi wa sita niliuza cherehani ile niliyoinunua kwa pesa za mapazia. Mwezi wa nane msichana mmoja aliacha kazi, na sikuwa na uso wa kumzuia. Chamani nilikaa kimya vikao viwili, mimi niliyekuwa mweka hazina. Kila nikienda ofisini niliambiwa faili imepanda juu, au pesa hazijashuka kutoka Nairobi. Wala si mimi peke yangu. Kufikia 2025 madeni ya kaunti zote kwa watu waliokwisha kufanya kazi yalikuwa yamepita shilingi bilioni 150, na ndani yake kuna maelfu ya akina mama kama mimi.

Katikati ya msukosuko ule akaja bwana mmoja mwenye malori. Alitaka nimpe cheti changu aombee zabuni kwa jina langu. Mtaji ni wake, bidhaa zake, na mimi nipate kumi kwa mia ya kila malipo. “Wewe utakaa nyumbani tu, mama, sahihi yako itafanya kazi.” Nilikataa, lakini sikukataa kwa haraka. Nililala nayo siku mbili. Rafiki yangu mmoja alikubali kwa mtu mwingine, na baadaye KRA ikamtafuta yeye alipe kodi ya pesa zote zilizopita kwenye PIN yake, wakati yeye alizigusa kidogo mno. Simlaumu. Alikuwa na karo ya watoto wawili.

Ndiyo maana natoa nyota tatu. Haki ya kutengewa fungu naitetea mchana kweupe. Lakini fungu lililotengwa kwa wasio na mtaji, kisha likalipwa baada ya mwaka na zaidi, linaweza kusubiriwa na mwenye mtaji tu, naye amekwisha kupitia mlango wa uani akiwa amevaa jina la mwanamke. Pesa zilipwe mwezi ule ule, na biashara ya kukodisha vyeti itapungua bila askari.

Kwa anayetaka kujaribu: chukua cheti, usiogope. Anza na shule na taasisi ndogo. Kabla hujaomba zabuni, mtafute aliyeuza pale mwaka uliopita umuulize alilipwa lini, na jibu lake ulithamini kuliko tangazo. Usitie pesa ya chama ambayo wenzako hawajaambiwa itakaa miezi mingapi. PIN yako usimpe mtu.

Wiki iliyopita yule mzee amenituma nimsaidie bintiye mdogo ajisajili. Ana miaka ishirini na minne na mkono wake kwenye kitambaa ni mzuri. Nimempangia Jumatatu, twende saiba pamoja, yeye na cheti chake kipya na mimi na changu cha kuhuisha.