Guangzhou bila kuleta mzigo: mimi na mzee tulienda kutembea tu

Ukisema hapa Nairobi unaenda Guangzhou kule China kila mtu anakuuliza unaleta mzigo gani, vitenge vya Eastleigh ama vioo vya simu vya Luthuli, na kabla hujajibu ashakutumia listi yake. Sisi hatukuleta mzigo. Mimi na mzee wangu, yaani mume wangu, tulikuwa tumekaa miaka bila likizo ya maana, tukasema huu mji ambao watu wetu wanauingia na kuutoka wakiangalia bei za jumla peke yake, wacha twende tuuone. Na nawaambia wazi, ni mji wa kutembelea, tena mzuri sana, na nawahurumia wote walioenda wakashinda kwa magodauni ya nguo kule Sanyuanli mpaka siku ya ndege.

Nianze na chakula kwa sababu ndio kilichotushika. Asubuhi wenyeji wanaenda kunywa chai na hiyo chai si ya haraka, wanakaa masaa, familia nzima, shosho na guka na wajukuu, chai ya rangi bila sukari wala maziwa, na vikapu vidogo vya mianzi vinaletwa mezani kimoja kimoja vikifuka mvuke. Wao wanaita yum cha. Tulienda Tao Tao Ju kule Liwan, nyumba ya chai ambayo imekuwepo tangu 1880, unachukua namba unangoja uitwe. Tulipoketi mama mmoja wa meza ya karibu akatuonyesha kwa ishara vile inafanywa, chai ya kwanza hainywewi, inasuuza vikombe na bakuli na vijiti halafu inamwagwa kwa bakuli kubwa iliyo katikati ya meza. Halafu akamfundisha mzee kwamba ukimiminiwa chai unagonga meza polepole kwa vidole viwili, hiyo ni asante tosha, hata kama mdomo umejaa. Na birika likiisha unaacha kifuniko kimeinuliwa kidogo, mhudumu akipita anaongeza maji bila kuitwa. Huyo mama hajui neno la Kiingereza na sisi hatujui Kikantoni lakini tulielewana vizuri kabisa, hadi alipoondoka akatupungia mkono.

Sasa har gow, jamani. Ni kamba wa baharini aliyefungwa kwa ngozi ya unga nyembamba mpaka unaona ile rangi yake ya waridi kwa ndani, ukiuma unasikia anakatika kwa meno, hakuna viungo vya kumficha, ni utamu wake mwenyewe. Hiyo ningeila kila siku. Miguu ya kuku nayo, ile ambayo mitaani kwetu inauzwa jioni kando ya barabara pamoja na vichwa na kuna watu wanaipita wakiangalia kando, kule iko kwa meza ya heshima, inakaangwa kwanza halafu inapikwa kwa mvuke na maharagwe meusi yaliyochachushwa, ngozi inavimba inakuwa laini, unafyonza unatema kimfupa. Mzee aliagiza mara ya pili. Tulifunga na egg tart za moto na bili ya watu wawili haikufika elfu tatu na nusu za Kenya, yuan moja tuliihesabu kama bob 18. Kama huli nguruwe uliza kabla ya kuagiza, sahani nyingi za pale ziko nayo, ile mikate myeupe ya mvuke na siu mai pia, vile vifungo vidogo vya nyama. Waislamu nendeni mtaa wa Xiaobei, kuna mikahawa ya halali ya Waarabu na Waturuki na Waafrika, na msikiti wa kale wa Huaisheng wenye mnara mweupe wa mita 36 hauko mbali sana.

Kitu ambacho sikukipenda ni chai ya mitishamba wanayouza kwa vioski barabarani, wanasema inatoa joto mwilini, ni chungu ajabu, na hata mzee ambaye amekunywa muarobaini maisha yake yote aliiacha katikati.

Kutembea, sisi tulipenda kisiwa cha Shamian kuliko kila kitu. Waingereza na Wafaransa walipewa hiki kisiwa baada ya vita vya kasumba, yaani afyuni, walivyopigana na China, wakajenga mabenki na balozi ndogo na nyumba zao, leo magari ni machache, miti mikubwa imefunika barabara na maharusi wanajaa kupiga picha. Tulizunguka pale tumeshikana mikono mchana kutwa, na ukiwa kwa ndoa yenye watoto watatu na kazi na rehani utajua hiyo si kitu kidogo. Kutoka pale ni mwendo wa miguu mpaka kanisa Katoliki la Moyo Mtakatifu, granaiti tupu, lilianza kujengwa 1863 likamalizika 1888, na Jumapili mchana kuna misa ya Kiingereza inayojaa Waafrika. Pia msiache jumba la ukoo wa Chen, la 1894, angalieni juu kwa paa, kule juu wamepanga sanamu za udongo mamia kwa mamia, watu, ndege, simba, hadithi nzima nzima, mimi shingo iliniuma na sikutaka kuondoka.

Mnara wa Canton Tower ni mita 600, ni mrefu mpaka wingu likishuka unapotea, na umechorwa na wanandoa Waholanzi, Mark Hemel na Barbara Kuit, hiyo ilinifurahisha sana. Lakini maoni yangu ni haya, msitumie pesa nyingi kupanda, tiketi ni kama yuan 150 kila mmoja na siku yenye ukungu unaona weupe tu. Nendeni usiku mpande boti ya mto Pearl, mtauona mnara wote ukibadilisha rangi kutoka chini na hapo ndio uzuri wake uko.

Usafiri sina neno. Treni ya chini ya ardhi inaanza yuan mbili, ni safi, vibao viko na Kiingereza, na hakuna wa kukupandishia nauli kwa sababu mvua imenyesha. Malipo ni simu kila mahali hadi kwa mama wa viazi vitamu, kwa hivyo wekeni Alipay, app yao ya kulipia, na muunganishe kadi ya Visa mkiwa bado nyumbani. WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kule, sisi tuliacha roming ya laini ya Kenya ikawaka tukaongea na watoto kila jioni, mkikumbuka kule wako mbele yetu masaa matano.

Kilichotukasirisha ni hoteli moja tuliyobuki kwa simu na kulipa kabisa, tukafika usiku na masanduku, wakatuambia hawapokei wageni wa nje. Hawakutaka hata kutusaidia kutafuta kwingine na pesa ilichukua wiki kadhaa kurudi. Hii inatokea kwa hoteli ndogo ndogo, kwa hivyo kabla ya kulipa waandikieni muwaulize kama wanapokea pasipoti ya Kenya na mngoje jibu. Na angalieni tarehe, katikati ya Aprili mpaka mwanzo wa Mei na tena kuanzia katikati ya Oktoba mpaka mwanzo wa Novemba kuna Canton Fair, maonyesho makubwa ya biashara, vyumba vinapanda bei vibaya, na Julai ni joto la kukuloweka jasho. Mwisho wa Novemba ndio mzuri, jua la kiasi, sweta ya jioni, na ndege ya China Southern inatoka JKIA moja kwa moja.