Uzoefu wangu: Ryzen 5 7600 kwenye ubao mama wa B650

Kwa kompyuta ya mezani ya kazi na michezo, prosesa ya AMD, Ryzen 5 7600, naipa nyota nne na nusu. Ina kori 6 na nyuzi 12 (yaani inashika kazi 12 kwa wakati mmoja), imepimwa wati 65 (kazi ikizidi inafika 88), na feni yake, Wraith Stealth, imo ndani ya boksi. Grafiki yake ya ndani ni hafifu kwa michezo, lakini kadi ya grafiki ikigoma unachomeka skrini kwenye ubao mama na kazi inaendelea.

Prosesa hii inakaa kwenye soketi ya AM5 tu, na AM5 haipokei DDR4, RAM ya kizazi kilichotangulia DDR5. RAM ya zamani haiingii. Mwanya ulio kwenye ukingo wa RAM hiyo umekaa mahali tofauti. Chukua DDR5 mbili za GB 16 zilizofungashwa pamoja, zenye EXPO (mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM) ya kasi ya 6000 MT/s, na uzitafute kwenye orodha ya RAM zilizojaribiwa na mtengenezaji wa ubao. Nne sishauri kabisa: ukijaza nafasi zote, kasi inayohakikishwa na AMD inashuka kutoka 5200 hadi 3600. Zichomeke nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kisha washa EXPO ndani ya BIOS, programu ya mipangilio ya ubao mama. Usipoiwasha, RAM ya 6000 kwa kawaida itakimbia 4800 na hutapata taarifa yoyote.

Ukiwasha mara ya kwanza, skrini hukaa nyeusi dakika kadhaa huku feni zikizunguka na taa ya DRAM (yaani RAM) kwenye ubao ikiwaka. Wengi hapo huzima wakidhani ubao umekufa. Ubao bado unaipima RAM. Uache hadi dakika 15 kabla ya kugusa chochote.

Pini za AM5 ziko kwenye soketi, si kwenye prosesa, na zinapinda kwa mguso mdogo tu. Laza prosesa bila kuisukuma, pembetatu iliyo kwenye kona yake juu ya pembetatu ya soketi. Kifuniko cha plastiki cha soketi usikitoe kabla: ukishusha mkono wa chuma kitaruka chenyewe. Kitunze, maana ubao ukienda kwenye gwaranti bila hicho unaweza kukataliwa.

Usibane pesa kwenye pawa saplai. Wati 650 zinatosha prosesa hii na kadi ya kiwango cha kati. Hatari kubwa iko kwenye waya zinazochomoka kutoka kwenye pawa saplai yenyewe. Upande wa vifaa zote zinafanana, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, wakati mwingine toleo kwa toleo. Waya wa SATA (unaopeleka umeme kwenye diski) wa pawa saplai ya zamani ukiingia kwenye mpya unaweza kupeleka volti 12 kwenye njia ya volti 5, na diski zote zikaungua papo hapo. Ukibadilisha pawa saplai, badilisha na waya zake zote.

Nusu nyota niliyokata ni ya feni: inapoza vizuri lakini inavuma kazi ikiwa nzito. Ukiinunulia mbadala, linganisha kimo chake kwa milimita na kile kinachoruhusiwa na kesi yako, na uangalie isikae juu ya RAM. Ukibaki na ile ya boksini, fungua kwanza vishikizo viwili vya plastiki kwenye ubao, halafu kaza skrubu zake nne kwa mshazari, mizunguko miwili miwili.