Detekta inalia hovyo? Usikimbilie koili mpya, suka hii ya ndoo kwanza

Mwangaluka wadau, mko freshi? Leo sina salamu ndefu maana nina hasira na nina furaha kwa pamoja, na vyote viwili vimesababishwa na hii mashine hapa mezani. Wale wageni karibuni, hapa ni Mwanza, huko nyuma mnaona ziwa, hizo kelele ni bajaji, zizoeeni.

Sasa hii detekta, mashine ya kutafutia dhahabu ardhini, nilishaichambua, betri yake, uzito wake, menyu yake, vyote vipo kwenye video ya mwaka jana, sirudii. Leo nataka tuongelee hii sahani ya chini, koili. Wiki tatu zilizopita nimevuka daraja la Kigongo na Busisi asubuhi na mapema, nimefika Nyarugusu, huko Geita kwenye dhahabu, nimekubaliana na wenyewe mgao, nimewasha mashine, inalia. Nikasema eeh, leo ni leo. Nikasogea hatua mbili, inalia. Nikainyanyua juu kabisa kichwani kwangu, inalia! Sasa juu huko kuna dhahabu gani? Jamaa waliokuwa pembeni walishaanza kusogea na sururu, wakajua nimeangukia mzigo. Aibu niliyoipata siwezi kuisimulia yote hapa.

Nikairudisha mjini kwa fundi mmoja, simtaji, hata mtaa siutaji. Kaishika dakika mbili hakuifungua hakuipima kitu, kaniambia kijana koili imekufa hiyo, tafuta mpya, laki tisa. Laki tisa wadau! Na akinunua mtu koili mpya ya laki tisa akaifunga mashine ikaendelea kulia, maana tatizo lilikuwa kwenye boksi, hili la juu lenye bodi ya umeme, nani anarudisha hela? Hakuna.

Tii.

Mmesikia hiyo? Kuna kamlio kadogo kametoka sasa hivi hapa, kashikilieni hako, ntarudi kwake. Tuendelee.

Kwa hiyo nikakaa nikasuka hii. Hii hapa, msicheke. Duara ya waya imefungwa tepu nyeusi, inafanana na kata ya kubebea ndoo kichwani. Hii ni koili ya kupimia, sio ya kutafutia dhahabu, sikiliza vizuri, ya ku-pi-mia. Kazi yake ni moja tu, unatoa koili yako unayoishuku, unachomeka hii, unasikiliza. Mashine ikitulia basi boksi ni zima na mgonjwa ni koili. Mashine ikiendelea na fujo zilezile, koili yako haina kosa, angalia betri, plagi ya upande wa boksi, au bodi yenyewe. Basi. Hela yote iliyotoka ni kama elfu ishirini na kitu hivi, na nusu ya hiyo ni waya ambao bado ninao.

Waya nimechukua Mabatini kwa mzee mmoja anawaindi mota za pampu, ukimwambia nataka waya wa shaba wenye vanishi wa nusu milimita anakuelewa hapohapo. Anauza kwa kupima kilo, mimi nikachukua robo, mzee akanicheka, akasema mwanangu unasuka mota ya nini hiyo? Nikamwambia shikamoo kwanza mzee wangu halafu nitakueleza. Na kweli alikuwa sahihi, koili moja inakula kama mita 18 tu, ukiipima haifiki hata gramu 35, sasa nina waya wa kusuka koili nyingine sita.

Afu ndoo. Ndoo ya plastiki ile ya lita kumi, tafuta mahali penye upana wa sentimita 26. Mizunguko 22. Hiyo inakupa kama maikrohenri 300, henri ndo kipimo cha nguvu ya koili, na mashine nyingi za PI, zile zinazorusha umeme kwa mapigo, koili zake zinacheza hapohapo, ndo maana nimeichagua. Usije ukasukia kwenye kopo la rangi la bati ukasema duara ni duara, bati lenyewe ni chuma, mashine italiona mpaka kesho.

Kabla hujaanza kuzungusha bandika vipande vinne vya tepu kwenye ndoo, upande wa gundi uangalie nje, afu waya unapita juu yake, ukimaliza unavikunja vinaushika waya kabla haujafumuka. Na ndoo kwa sababu chini ni nyembamba juu pana, ukisukuma kuelekea kitako koili inachomoka yenyewe, huhangaiki. Hii mbinu ya tepu niliijua kwenye koili ya pili. Ya kwanza ilifumuka mezani kama springi, dogo langu akakimbia.

Na huyo dogo ndo alinivurugia hesabu. Nahesabu kumi na saba, kumi na nane, anakuja, baba hela ya andazi. Nikaendelea. Nimemaliza nimechomeka kwenye hiki kitesta, hiki kidogo cha kijani cha vipuri, kinapima transista, kapasita, koili, kinasoma 0.33. Yaani milihenri 0.33, sawa na maikrohenri 330. Nikasema mbona imezidi? Nikahesabu upya moja moja kwa ncha ya peni, ishirini na tatu! Nikatoa mmoja, 0.30 kwenye kioo, imekaa. Unaona mzunguko mmoja tu umehamisha namba? Ni kwa sababu haipandi kwa kujumlisha, inapanda kwa mraba, mizunguko ikiwa nusu, henri zinabaki kama robo. Ndo maana nawaambia msibahatishe mkasuka kumi mkasema inatosha, koili ya mizunguko kumi umeme unapanda ndani yake kwa kasi, ile transista kubwa inayosukuma koili inachemka inaondoka, na hapo utakuwa umetoka kwenye tatizo la koili umeingia kwenye tatizo la bodi.

Hiki kitesta nimekipenda kuliko nilivyotegemea kwa kweli. Multimita yako ya kawaida haisomi henri, kwenye koili inasoma ohm tu, yaani ukinzani wa waya, na ohm peke yake hapa ingenidanganya, maana mizunguko 22 na 23 tofauti yake kwa ohm huioni. Yangu inasoma 1.6. Na ukipima ohm ndogo namna hii gusanisha kwanza zile fito mbili za multimita zenyewe kwa zenyewe, yangu inaonyesha 0.3 bila kitu, hiyo unaitoa.

Vanishi ukwangue na wembe mpaka shaba ing'ae ndo usolde. Watu wanasolda juu ya vanishi afu wanakuja kuniambia koili ya ndoo haifanyi kazi. Kebo usizidishe mita moja. Plagi mimi nimetoa kwenye kebo mbovu ya zamani, na pini usikisie, pima koili orijino kwa multimita uone pini zipi zinaongea na zipi, ndo uzifuate hizohizo.

Na kabla hamjakimbilia ndoo zenu: hii ni kwa mashine za PI zinazotumia waya mmoja kurusha na kupokea. Zile za VLF, zinazorusha mawimbi mfululizo, koili zake zina nyaya mbili ndani, wa kurusha na wa kupokea, zimepangwa ziwe zinafutana, ukichomeka duara moja kama hili haikupi jibu lolote la maana. Na kuna mashine za kisasa koili ina chipu ndani, isipoiona chipu haikubali kufanya kazi. Na usishike waya uliokwanguliwa wakati mashine imewaka, PI inapokata umeme kwenye koili inapiga volti mamia, ni muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde lakini utarusha mashine chini.

Haya, sasa hii ndo sehemu niliyowaitia. Nimeirudia jana usiku mara kumi na mbili peke yangu, mama watoto akaniuliza unacheka na nani.

Hii hapa koili orijino. Nachomeka. Nawasha. Sikilizeni... wiii, wiii, wi-wi-wiii. Haijagusa kitu, ipo hewani. Nazima. Nachomoa. Nachomeka ya ndoo. Nawasha...

Sikilizeni.

Hakuna. Ule mvumo mdogo tu wa chini, mmm, kama friji chumba cha pili. Sasa pete ya ndoa hii, ya mama watoto, ameniazima kwa masharti. Naishusha, sentimita thelathini hakuna, ishirini na tano hakuna, ishirini na mbili hapo, wuuup! Umeona? Naitoa, kimya. Naileta, wuuup. Yaani ndoo ya lita kumi, waya wa pampu, tepu ya elfu moja, inaona pete!

Kwa hiyo boksi ni zima. Yule bwana hakukosea kusema koili, nampa haki yake. Lakini kufa? Tuone kama imekufa. Multimita kwenye plagi ya koili orijino, inasoma 0.9, inaonekana nzima kabisa, angeipima hivi angesema haina tatizo. Sasa nashika kebo nainyonganyonga taratibu kuanzia kwenye sahani... 0.9... 0.9... katikati 0.9... nasogea kwenye plagi, hapa kwenye huu mpira mgumu... imepotea! Imerudi. Imepotea. Nikibonyeza na kidole gumba inasoma, nikiachia haisomi. Waya umekatikia ndani ya mpira, kebo inapokunjwa kila siku ukiizungushia kwenye fimbo. Hii sio laki tisa wadau, hii ni kukata sentimita tano na kusolda upya.

Na hapa ndo hasira yangu ilipo, plagi imemwagiwa plastiki mpaka ndani, haina skrubu, haifunguki, lazima uikate uitupe ufunge nyingine. Mtengenezaji anajua kabisa ndo panapokatika.

Tii.

Hako tena. Subirini.

Kuna mtu ataniambia si ungepima kebo tu moja kwa moja bila ndoo. Ungeweza. Ila kama ungepima ukakuta 0.9 ukaacha? Mimi nilikuta 0.9 siku ya kwanza, nikahamia kwenye betri, nikahangaika wiki nzima. Ya ndoo ndo imenirudisha kwenye kebo, maana imenihakikishia hakuna pengine pa kutafuta.

Nilivyoanza video nilikuwa nataka kusema koili za dukani ni wizi, bora usuke. Nafuta hiyo kauli. Juzi nilienda na hii ya ndoo Luchelele asubuhi, majani yana umande, ikigusa tu jani inalia, ikigusa jiwe lenye maji inalia, haina ile shildi ya ndani, ngao ya kuikinga koili, ambayo orijino inayo. Mkono umeuma bure. Na orijino ilivyokuwa nzima pete hiihii ilikuwa inaishika karibu sentimita ishirini na nane. Kwa hiyo ya dukani ina kazi yake, bei ndo inauma.

Na msipimie mwaloni Kirumba kama nilivyofanya mimi siku ya kwanza nikijua mchanga ni mchanga. Pale mitumbwi inagongwa misumari miaka yote, kila hatua msumari, kina mama wa dagaa wakawa wananiuliza nimepoteza nini. Pima hewani, kwenye meza ya mbao isiyo na misumari karibu, mbali na kiyoyozi na taa. Graham Bell mwenyewe, huyu wa simu, mwaka 1881 alileta kifaa chake kutafuta risasi mwilini mwa rais Garfield wa Marekani, hakuipata, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni springi za chuma za kwenye godoro. Sasa kama Bell aliponzwa na kitanda, wewe na meza yako ya chuma?

Matangazo kidogo, video ya kufunga plagi mpya ni Jumamosi, umeme ukituruhusu. Wale mnaoniuliza kama nauza hii ya ndoo, siuzi, suka. Ila nina waya wa koili sita, mkija Mwanza tutaongea, buku tatu tatu.

Haya sasa haka ka tii. Mmeona kanatoka lini? Jana usiku nimerudia majaribio mara kumi na mbili hakakutokea hata mara moja. Leo kanakuja. Nimebadilisha betri kabla hatujaanza, kapo. Nikadhani solda yangu. Angalieni, nimekaa wima, kimya. Nainama kuangalia koili... tii. Nakaa wima. Nainama... tii.

Ni hii maiki! Hapa kifuani, ina sumaku na betri, kila nikiinama inaingia kwenye koili. Jana nilikuwa sirekodi ndo maana. Ngojeni niivue niiweke mbali kule dirishani muone inavyotulia, hamtanisikia lakini angalieni hii taa nyekundu, nikiinama isipowaka basi ni ye