Gita la besi jipya kwa mpigaji wa Nyanda za Juu Kusini: lipi lianze, lipi liwe la mwisho

Kabla hujauliza chapa wala rangi, jiulize besi yako ikigoma Jumamosi jioni, nani ataitengeneza kabla ya ibada ya kwanza. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Mafundi wa magita huku kwetu unawahesabu kwa vidole, na kipuri kikiagizwa Kariakoo kinapanda basi kama mzigo mwingine wowote. Kwa hiyo sikupanga orodha hii kwa utamu wa sauti tu. Nimetanguliza besi inayoweza kukaa miaka bila kudai fundi, mikononi mwa mtu wa kwaya au bendi ambaye siku nyingi anachomeka waya moja kwa moja kwenye miksa.

Namba moja kwangu ni Yamaha TRBX174. Ina nyuzi 4, pikapu 2 (zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) na nobu 3: mbili za sauti, moja ya toni. Haina betri. Waya wa ndani ukikatika, fundi redio yeyote wa Mwanjelwa anauchomelea akiwa anaongea na simu. Sifa yake kubwa ni kwamba Yamaha hawabahatishi: ukishika moja dukani leo na nyingine mwezi ujao, ni zilezile. Kwa kamati ya kwaya ya Makambako inayomtuma mtu Dar akawanunulie, hilo lina uzito kuliko mbwembwe zote. Sauti yake haina makeke, na wanaoipenda besi inayong'aa kama kinanda wataiona baridi kidogo. Ndani ya kwaya yenye waimbaji 30 inakaa mahali pake.

Namba mbili ni Squier, chapa ya bei nafuu ya Fender. Fender walitoa besi yao ya Precision mwaka 1951 na ile ya Jazz mwaka 1960, na tangu hapo viwanda dunia nzima vimekuwa vikiiga maumbo hayo mawili. Faida yake unaiona siku ya kutafuta kipuri, kwa sababu pikapu, daraja na vifungo vya nyuzi vya mtindo huo ndivyo rahisi kupatikana. Chukua Affinity Precision ya pikapu 2, au kama mfuko umebana, Sonic Precision yenye pikapu 1, nobu ya sauti na ya toni, basi. Kwa anayeanza, hiyo Sonic inatosha kabisa.

Kwa nini Precision na si Jazz? Umeme wetu. Kumbi na makanisa mengi hayana ethi (waya wa umeme unaozikwa ardhini) ya kueleweka, na pikapu za Jazz ukifungua moja peke yake zinaanza kunguruma, hasa karibu na taa na jenereta. Pikapu ya Precision tangu mwaka 1957 imegawanywa vipande viwili vinavyofutiana ule mngurumo. Ukiwa Tukuyu, mvua inanyesha na jenereta iko nyuma ya ukuta, utanishukuru. Jazz ina utamu wake, sikatai, na shingo yake ni nyembamba kule juu, kama milimita 38. Anayepiga sebene za haraka ataipenda. Izime tu pikapu zote wakati mchungaji anaomba.

Sasa mbona Squier haikuwa ya kwanza? Umaliziaji wake hautabiriki. Mbili zilizopangwa pamoja dukani zinaweza kutofautiana kama watoto wa mama mmoja. Kama unakwenda mwenyewe na unajua kuchagua, huenda ukatoka na besi nzuri kuliko ile Yamaha. Kama unamtuma mtu, usicheze bahati nasibu.

Ibanez GSR200 ni ya tatu. Shingo nyembamba, mwili mwepesi, kijana wa sekondari au dada mwenye vidole vifupi anaimudu bila kukunja uso. Shida ni betri ya volti 9. Besi za betri hutumia umeme muda wote jeki ikiwa imechomekwa, hata kama hakuna anayepiga. Mwanakwaya akizoea kuiacha na waya wake kila baada ya mazoezi, Jumapili moja atakuta sauti inakoroma au haipo. Ukiinunua, chomoa waya kila unapomaliza, na betri ya akiba ikae kwenye begi. Kwa mtoto mdogo zaidi, Ibanez wanayo miKro yenye shingo fupi: sehemu ya uzi inayopigika ni inchi 28.6, wakati besi za kawaida ni inchi 34.

Nyuzi 5 zinahitaji maelezo yake. Vijana wa sifa na kuabudu wote wanazitaka, na wana sababu. Mpiga kinanda anapenda kubonyeza transposi (kitufe cha kuhamisha ufunguo), wimbo unahamia E-flati, na mwenye nyuzi 4 hana noti hiyo chini. Inabidi aipande juu na uzito unapotea. Uzi wa tano unashuka hadi B, kama hezi 31. Lakini noti hiyo inataka spika kubwa. Kwenye kombo (ampli na spika ndani ya sanduku moja) la inchi 8 utasikia mtetemo tu na kudhani besi ni mbovu. Kama kanisa lina sabu (spika za sauti nzito) za maana, nenda Yamaha TRBX305 au Ibanez GSR205, ukijua kwamba zote zina betri na seti ya nyuzi ni ghali zaidi. Kama halina, baki na 4.

Mwisho kabisa naweka zile zisizo na jina, zinazouzwa pamoja na spika ndogo na mkanda, na wenzake zilizoandikwa Fender kwa stika. Muuzaji atakwambia, "Kaka, hii orijino kabisa, mzigo umeingia jana." Mwombe namba ya utambulisho iliyo kwenye gita, kisha angalia bei. Fender orijino haiwezi kuuzwa chini ya Squier.

Dukani usikubali kuoneshwa besi ikiwa ukutani. Iteremshe, itazame shingo toka kichwani kama unavyopima ubao wa mbao, uone kama imejikunja. Pitisha kiganja pembeni mwa freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo; zikikukwaruza, acha. Kati ya uzi mnene na freti ya 12 pawe na milimita 2 hadi 3 hivi. Halafu piga kila uzi, kila freti, polepole, muuzaji akikasirika akasirike. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12, kisha uubane hapohapo: noti mbili zilingane kwenye tyuna ya simu. Zungusha nobu zote usikilize mikwaruzo. Usitoke bila kile kifunguo cha kurekebishia shingo.

Besi iliyozoea joto la Kariakoo ikipandishwa Njombe mwezi Juni inashtuka. Baridi na ukavu wa kiangazi vinausinyaza mti, freti zinachomoza pembeni na nyuzi zinabadilika urefu kutoka shingoni. Iache ndani wiki mbili izoee, mbali na jiko la mkaa, ndipo uirekebishe. Kwenye basi legeza nyuzi kidogo, na mwambie kondakta isilazwe chini ya magunia ya viazi.

Usimalize hela zote kwenye gita. Bakiza ya waya mmoja imara, mkanda mpana, na kisanduku cha DI (kinachopatanisha mawimbi ya gita na miksa), kwa sababu besi isiyo na betri ikichomekwa kavukavu kwenye miksa hutoka nyonge na butu. Bakiza pia ya seti ya nyuzi za unene wa 45 hadi 105 (elfu za inchi). Wapigaji wa kwaya wanaotaka sauti ya mviringo watafute zenye waya bapa: hazikwaruzi vidole na hukaa miaka. James Jamerson, mpigaji besi wa kampuni ya muziki ya Motown ya Marekani, alipiga Precision yake na nyuzi za namna hiyo na hakuwa na haraka ya kuzibadilisha.