Kabrasha la kesi za katiba, Malimbe: muhtasari safi, kesi ya Mtikila imeachwa njiani

Kabrasha hili la kesi za katiba, linalouzwa shilingi 15,000 katika steshenari moja jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, Malimbe, limeandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wa sheria, ingawa mkazi yeyote wa Mwanza anayependa mambo ya haki anaweza kulisoma. Hukumu zenyewe ziko kwa Kiingereza, na nyingi zinapatikana bure katika tovuti ya TanzLII. Kinachostahili kulipiwa ni muhtasari wa Kiswahili uliowekwa mbele ya kila hukumu.

Ulio bora kuliko yote ni wa kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyoamuliwa hapa hapa Mahakama Kuu ya Mwanza na Jaji Mwalusanya mwaka 1990. Mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake aliliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akapinga, kwa kuwa sheria ya mila iliyochapishwa mwaka 1963 ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la namna hiyo, si kuliuza. Jaji aliona ubaguzi huo unapingana na haki za msingi zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Wengi husimulia kesi hii wakaishia hapo, lakini mwandaaji anaendelea kueleza kwamba ukoo ulibakiwa na nafasi ya kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake, na kwamba sharti hilo sasa liliwahusu wanaume na wanawake sawasawa.

Umakini huo haupo katika kesi ya Mchungaji Mtikila. Imewekwa hukumu ya Jaji Lugakingira ya mwaka 1994 peke yake, iliyoruhusu mgombea binafsi, bila neno lolote kuhusu Bunge lilivyobadili Katiba mwaka 1994 kuuziba mlango huo, wala Mahakama ya Rufani ilivyosema mwaka 2010 kwamba suala hilo ni la kisiasa na liamuliwe na Bunge, wala Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilivyoamua mwaka 2013 kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mvutano wa mahakama na Bunge ndio uliofaa kufundishwa hapo, nao ndio uliokatwa. Mwanafunzi akilitegemea kabrasha hili kwenye mtihani ataandika kwamba mgombea binafsi anaruhusiwa, na atanyimwa alama kwa haki kabisa.

Kesi ya Gyumi kuhusu umri wa kuolewa imefikishwa hadi rufani ya mwaka 2019, kwa hiyo sidhani kwamba tatizo lilikuwa uhaba wa karatasi.

Kuhusu uchapaji, matundu ya baindingi yamekula mwanzo wa mistari kwenye kurasa kadhaa, na nakala yangu ilikosa ukurasa mmoja wa kesi ya Daudi Pete kuhusu dhamana. Mhudumu alinitolea kopi nyingine papo hapo bila malipo. Mnunuzi ahesabu kurasa kabla hajaondoka kaunta.