IST inayokunywa mafuta: anza na thamostati

Mwezi Februari nilitoa shilingi 45,000 kununua kidude cha plastiki kinachochomekwa chini ya usukani, chenye taa ya kijani inayowaka na kuzima. Muuzaji aliniambia kinaifundisha kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, kubana mafuta. Nilikaa nacho wiki sita. Gari langu ni IST ya 2003, injini 1NZ-FE ya lita moja na nusu. Kabla ya kidude lilikuwa linakwenda kilomita 9.4 kwa lita, na baada ya kidude likabaki palepale. Nina uhakika kwa sababu naandika kila kitu: najaza tangi mpaka pampu ikate, kituo kilekile, nasoma kilomita, nikirudi kujaza nagawanya. Na njia ni ileile kila siku, Goba hadi Posta na kurudi, kama kilomita hamsini.

Baada ya hapo nikanunua plagi. Nikaoshesha nozeli zinazopulizia petroli kwenye injini. Nikabadilisha sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa injini. Jumla ilivuka laki tatu, gari likafika 9.8. Aliyegundua tatizo ni mzee mmoja fundi wa Tegeta ambaye hakushika hata spana. Alikuja asubuhi injini ikiwa ya baridi, akawasha, akashika mpira wa chini wa rejeta, akasubiri dakika chache, akaniuliza, "Mwanangu, thamostati ya gari hili nani aliitoa?"

Hakuna aliyeniambia ilitolewa. Gari nililinunua kwa mtu hapahapa mjini, na gereji tatu zilizolipitia zote zilipokea hela yangu bila kulitaja jambo hilo. Tangu nianze kusimulia kisa hiki nimepata ujumbe kutoka kwa wenye Vitz, Passo, Starlet na Corolla, na wengi wanasimulia kilekile: fundi aliitoa akisema, "Nchi yetu ya joto, hii haina kazi." Mmoja aliandika kutoka Njombe. Njombe, ambako asubuhi ya Julai watu wanatembea na makoti mazito!

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mwenye gari dogo la zamani anayetaka kulipunguzia kiu, na nimepanga vitu kwa jinsi ambavyo ningenunua mimi ningeanza upya leo. Sitaeleza jinsi ya kukanyaga mafuta taratibu. Hilo kila mtu analijua.

Ya kwanza, na iko mbali sana na ya pili: thamostati

Ni kivalvu kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Ndani yake kuna nta inayovimba ikipata joto. Injini ikiwa ya baridi kinafunga njia ya kwenda rejeta, maji yazunguke ndani ya injini tu na kupata joto haraka. Kwenye 1NZ-FE kinaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 80 hadi 84. Kikitolewa, maji yanapita rejeta tangu sekunde ya kwanza. Ukiwa kwenye foleni ya Mwenge huwezi kuona tofauti kubwa, lakini ukipita Kibaha usiku kuelekea Morogoro, upepo unapiga rejeta na injini inashindwa kufika joto lake. Kontroboksi inasoma joto la maji, inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kuongeza petroli kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye injini ya baridi. Gia oto nayo inasubiri maji yapate joto ndipo ikubali kuingia gia ya mwisho na kushika moja kwa moja na injini. Oili inabaki nzito. Unachoma mafuta pande tatu kwa wakati mmoja, na taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki.

Lipo jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu linaua hoja nzima ya nchi ya joto. Thamostati ya injini hii ina sahani ya pili upande wa chini, yenye springi yake. Valvu ya juu ikifunguka, sahani hiyo inaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta, ili maji yote yalazimike kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kupoozwa, na siku umepakia watu watano unapanda mlima wa Sekenke, injini isiyo na thamostati inaweza kuchemka upesi kuliko iliyo nayo. Mafundi wanaitoa kuzuia gari lisichemke!

Basi ukiwa dukani angalia hivi. Namba iliyopigwa kwenye chuma iwe 82. Utaletewa ya 76, utaambiwa ndiyo ya Afrika. Hiyo inafunguka mapema na kukurudisha nusu ya njia kwenye tatizo lilelile. Angalia sahani ya chini ipo na springi inasukuma ukiibonyeza. Angalia kipini kidogo kinachochezacheza pembeni. Hicho kinatoa hewa wakati wa kujaza maji, na fundi anapofunga kinatakiwa kikae juu. Pete ya mpira iwe mpya. Halafu ukifika nyumbani, kabla fundi hajaigusa, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, na uweke kipimajoto. Ikianza kufunguka chini ya 80, irudishe. Maji yakifika 95 uwazi wake uwe unakaribia sentimita moja. Jaribio hili linachukua robo saa, na mimi nililifanya kwa tatu nilizonunua. Mbili hazikufaa: moja ilifunguka kwa nyuzi 71, nyingine haikufunguka kabisa mpaka maji yakachemka, na hiyo ingeniulia injini.

Chaguo langu ni ya boksi la Toyota lenyewe. Ikikosekana, Tama ya Japani. Nililipa 38,000, fundi 12,000. Kulanti, maji maalumu ya rejeta, usiiache, maji ya bomba yanaleta kutu, na kutu ndiyo inayokwamisha valvu mpaka fundi anayefuata aitoe tena.

Gari langu sasa linakwenda 11.3, kutoka 9.8. Kwa kilomita hamsini kwa siku, siku 26 za kazi, hiyo ni nafuu ya karibu lita 17 na nusu kwa mwezi. Petroli ya Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, na hata ukiihesabu kwa 3,000 kamili, thamostati na ufundi wake vilijilipa ndani ya mwezi mmoja.

Ya pili: sensa ya oksijeni, ya Denso

Sifichi, mimi ni mtu wa Denso. Kampuni hiyo ilikuwa idara ya umeme ndani ya Toyota mpaka ilipojitenga mwaka 1949, na sensa nyingi zilizokuja na magari yetu kutoka kiwandani ni zake. Ukiifunga ya aina nyingine yenye nyaya za kuungaunga, unaikabidhi injini yako kwa kiungo cha gundi ya umeme kilicho karibu na bomba la moto. Serikali ya Marekani inawaambia wenye magari kwamba kurekebisha hitilafu kubwa kama sensa mbovu ya oksijeni kunaweza kuboresha matumizi ya mafuta hadi asilimia 40. Soma vizuri: sensa mbovu. Yangu haikuwa mbovu, ndiyo maana nilipata nafuu ya 0.4 tu kwa fedha nyingi. Injini ipate joto kwanza, halafu fundi mwenye mashine asome volti za sensa kama zinapanda na kushuka haraka. Uliza mapema kama mashine yake inasoma magari ya Japani ya miaka hiyo, kwa kuwa vile vidude vya bluetooth vya bei ndogo mara nyingi havielewani nayo.

Sensa iliyotumika, hata ukiambiwa imetoka Japani jana, usinunue.

Plagi

Kwa 1NZ-FE, Denso K16R-U11. Ile 11 ya mwisho ni mwanya wa milimita 1.1, kwa hiyo fundi akianza kuzigonga apunguze mwanya, mzuie. Feki zimejaa. Maandishi kwenye kaure yakifutika kwa kucha, rudisha.

Hapa lazima niseme la wauzaji. Duka moja la Gerezani lilinitajia plagi nne kwa 48,000. Nikatoka, nikamtuma fundi dukani hapohapo baada ya nusu saa. Akaandikiwa 80,000, na 32,000 zilikuwa cha juu chake. Aliniambia mwenyewe, bila aibu, kwamba ndivyo ilivyo kila duka. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakupewa, nilipokwenda kuidai nikaambiwa, "Dada, mashine haina mtandao." Mteja anadhani analipia ubora wa Japani, kumbe analipia makubaliano ya watu wawili waliosimama nyuma ya kaunta. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya petroli kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na tunalalamika kwa sauti kubwa, lakini cha juu cha spea kinatupiga zaidi ya hapo na hatuna wa kumlalamikia. Nenda dukani mwenyewe. Mlipe fundi ufundi wake vizuri, umwambie wazi kwamba spea utanunua wewe.

Geji ya upepo

Nunua yako, maana za vituo vya mafuta kila moja inasema lake. Kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinaonyesha kiwango. Kila psi moja (kipimo cha upepo) inayopungua kwenye matairi yote inakula takribani asilimia 0.2 ya mafuta, na matairi ya wengi niliowapimia yalipungua nane au kumi. Pima asubuhi kabla hujatembea.

Oili

5W-30. Achana na 20W-50, ila nafuu utakayopata ni asilimia moja au mbili. Basi.

Kichujio cha hewa

Badilisha kikichafuka kwa ajili ya nguvu za gari. Usitegemee mafuta kupungua. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima mwaka 2009 ikakuta kwamba kwenye magari ya nozeli yanayoongozwa na kompyuta, kichujio kilichoziba hakibadilishi matumizi ya kuonekana. Gari linakuwa zito kuchanganya tu. Wenye Starlet za zamani za kabureta, kwenu habari ni tofauti, kibadilisheni.

Vidonge vya kwenye tangi, sumaku za kufunga kwenye bomba na vidude vya taa ya kijani: shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepitia zaidi ya vifaa mia moja vya namna hiyo, na halikupata kimoja kinachopunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Changu nilikichomoa.

Ukishafungiwa thamostati, usimalize malipo siku hiyo. Zuia nusu ya ufundi. Kesho yake alfajiri, kabla gari halijatembea, washa, fungua boneti, shika mpira wa chini wa rejeta, mkono ukiwa mbali na feni na mikanda. Mpira ukikaa baridi dakika kadhaa huku injini inapata joto, mpigie fundi aje achukue hela yake iliyobaki. Mpira ukianza kupata vuguvugu pamoja na injini tangu mwanzo, aje nayo spana.